Siku Voahirana Alipompeleka Mumewe Kuhojiwa

Barua ilisema njooni wawili. Ilisema hivyo mara mbili, mara ya pili kwa wino mzito: mwombaji wa uraia kwa njia ya ndoa afike pamoja na mwenzi wake, saa nne na nusu asubuhi, na atakayekosa apange miadi upya. Voahirana Vidalenc aliisoma mlangoni akiwa bado ameshika ndoo, akaisoma tena mezani, kisha akaibandika kwenye kabati la vyombo, mahali ambapo mumewe Léonce asingeweza kuchukua kikombe bila kukutana nayo uso kwa uso.

"Tarehe kumi na nne," Léonce alisema asubuhi yake, kikombe mkononi. "Si ndiyo wiki ya nyasi?"

"Nyasi zilishakatwa, Léonce. Ni Oktoba hiyo."

"Basi sina pa kujificha."

Alisema kwa utani, lakini nyasi zilikuwa na kesi ya kujibu. Kwa miaka mitano Voahirana alikuwa akisema wapeleke maombi, na kwa miaka mitano akijibiwa: baada ya nyasi. Nyasi zikiisha, baada ya ndama. Ndama wakiisha, paa la zizi linavuja. Mtu wa milima hii hakatai jambo, hilo mlijue. Analiahirisha tu mpaka lichoke lenyewe. Voahirana hakuchoka. Mwaka huu alijaza fomu zote peke yake, akamwekea mumewe kalamu mkononi na kumwonyesha pa kutia sahihi.

Yeye kwao ni Antsirabe, huko Madagaska. Alifika milimani miaka kumi na mmoja iliyopita, akiwa na miaka thelathini na mitatu, kumtembelea binamu yake Hanitra aliyekuwa ameolewa na mfugaji wa bonde la pili. Hanitra hakuwa mtu wa kuficha nia yake. Alimpeleka Voahirana kwenye chakula cha sherehe ya kijiji, akamkalisha kando ya mfugaji mmoja kapera wa miaka hamsini na kitu, mwenye mikono mikubwa na mdomo mzito, kisha akaondoka kwenda kukoroga supu ambayo haikuhitaji kukorogwa. Kwa saa mbili yule kapera alisema maneno kumi. Tisa yalihusu ng'ombe. La kumi lilikuwa kumuuliza kama miguu yake haipati baridi kwenye vile viatu.

Ng'ombe wenyewe ni wa kuzungumziwa kweli. Wa huku ni wekundu, wana pembe ndefu na kiburi. Mama hateremshi maziwa mpaka amwone mwanawe. Kwa hiyo ndama huletwa kwanza, ananyonya kidogo, kisha anavutwa kwa nguvu na kufungwa kwenye mguu wa mbele wa mama yake. Ananyunyiziwa chumvi mgongoni, mama anaanza kumlamba, na huku akiamini ananyonyesha, mkamuaji anajaza ndoo. Ni kazi ya watu wawili, mmoja kwenye kigoda na mwingine kwa ndama. Tangu baba yake afariki, Léonce alikuwa ameifanya peke yake miaka saba, na mbavu mbili zilizowahi kuvunjwa kwa teke zilikuwa ushahidi.

Siku ya harusi, ukumbini, mkuu wa kijiji alimwomba bwana harusi aseme neno. Léonce alisimama, mwekundu mpaka masikioni, akashika ukingo wa meza, akasema: "Nilihitaji mtu wa kushika ndama." Akakaa. Ukumbi mzima ulicheka mpaka machozi. Voahirana, aliyekuwa hajakielewa kijiji wala watu wake, alibaki ameduwaa na tabasamu la kuazima, ndipo jirani yao mzee, Marinette, akamwinamia sikioni.

"Mwanangu, hapa hiyo ni hotuba ndefu. Mume wangu mimi alisema tu, 'Haya, tuleni.'"

Tangu siku hiyo maneno yale yalikuwa ya nyumba. Akiulizwa kilabuni mkewe yuko wapi, Léonce alijibu yuko na ndama. Akimtambulisha kwa daktari wa mifugo, alisema huyu ndiye bosi, mshika ndama mkuu. Voahirana alijifunza kusikia kilichokuwa chini yake. Léonce hakuwahi kumwambia kwamba anampenda, si kwa lugha yoyote ile. Lakini alimwagizia buti za mpira za kitoto kwa sababu za watu wazima zilimvaa yeye badala ya yeye kuzivaa, na mtu aliyekuwa akiamini wali ni kitu cha kupikwa na maziwa na sukari baada ya chakula alikuwa sasa akila wali mkavu jioni nne kwa wiki bila kunung'unika. Mwanamke anaweza kuishi na hayo. Wakati mwingine, akikamuliwa moyo na upweke wa baridi, alitamani neno moja tu la mdomoni, lakini hakuwahi kuliomba.

Uraia aliutaka kwa sababu moja, na hakuificha. Miaka minne iliyopita mama yake alifariki Antsirabe katika mwezi ambao kadi ya ukaazi ya Voahirana ilikuwa imeisha na mpya haijatoka. Angeondoka, hakuwa na hakika ya kurudi. Basi mama alizikwa bila yeye, na Voahirana alisikiliza mazishi kwenye simu akiwa zizini, kwa sababu huko ndiko mtandao ulikoshika. Sasa ndugu zake walikuwa wamepanga mwaka ujao, mwezi wa nane, kumtoa mama kaburini kama desturi yao ilivyo, wamvishe sanda mpya ya hariri, wambebe mabegani kwa muziki na kumrudisha. Hiyo ndiyo nafasi ya pili ambayo watu wa kwao hupewa. Na kadi yake ilikuwa inaisha tena Machi. Kungoja karatasi nyingine ofisini huku wengine wakimbeba mama yake hakukuwezekana mara mbili.

Basi alisoma. Alikuwa na kijitabu cha maswali, akajifunza mito na wafalme waliokatwa vichwa, haki za binadamu na miaka ya vita. Léonce ndiye aliyemuuliza maswali, miwani puani, huku yeye akimenya viazi.

"Nani alitenganisha dini na serikali, na mwaka gani?"

Voahirana alijibu.

Léonce aligeuza kurasa kutafuta jibu nyuma ya kitabu. "Ee, umepata. Mimi wangenirudisha kwetu."

"Kwenu si ndiyo hapa?"

"Ndiyo maana nasema wangenirudisha."

Walicheka wote wawili. Hakuna aliyefikiri, hata Voahirana aliyefikiria kila kitu, kwamba anayepaswa kufundishwa ni yule mwenye miwani.

Siku yenyewe walikamua mapema. Marinette alikuja na fimbo yake kuwapeleka ng'ombe malishoni, akamtazama Léonce ndani ya suti ya harusi iliyonuka dawa ya nondo.

"Haya, umekuwa mtu. Na leo huo mdomo uufunge vizuri, usije ukamwaibisha mtoto wa watu."

"Nimeufunga miaka sitini na tatu," Léonce alisema. "Leo barua inataka niufungue."

Njiani, saa nzima na nusu ya kona, Voahirana aliiweka faili mapajani kama anayebeba mayai. Ndani yake mlikuwa na cheti cha ndoa, picha za miaka yote, na bili ya umeme ambayo mpaka majira ya kuchipua mwaka huu ilikuwa bado inakuja kwa jina la marehemu baba mkwe, miaka kumi na minane baada ya kuzikwa, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kumsumbua. Alitazama mkono wa Léonce kwenye usukani. Kidole gumba kilikuwa kinagonga.

"Léonce. Leo hakuna utani."

"Najua."

"Niahidi."

"Nimekwambia najua, bosi. Mimi si mjinga. Ni mzee tu, na mbaya wa sura, lakini hilo lilikuwepo siku unanunua."

Voahirana alifumba macho. Hapo ndipo hofu ilipomshika barabara. Kuna jambo ambalo kijiji chote kinalijua kuhusu Léonce Vidalenc: akiwa mtulivu hasemeshwi, lakini akiogopa, anatania. Alitania kwenye maziko ya baba yake mpaka padri akakohoa. Alitania daktari alipomwonyesha picha ya moyo wake na kumwambia aache kubeba magunia. Kadiri anavyoogopa ndivyo anavyochekesha, na anachekesha akiwa amekaza uso kama gogo. Asiyemjua hawezi kujua.

Ukumbi wa kungojea ulijaa wawili wawili. Vijana walishikana mikono, wengine walivaa rangi zinazofanana, mmoja alikuwa anamlisha mwenzake biskuti. Léonce aliwatazama kwa muda mrefu. Kisha akauweka mkono wake juu ya goti la mkewe, akauacha pale kwa kadiri ya pumzi tatu, akauondoa kama aliyegusa jiko.

"Vidalenc!"

Afisa alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, Bi. Aubrun, mwenye mafua na boksi la karatasi laini kando ya kompyuta. Hakuwa mkali, na hilo lisemwe. Aliwaomba radhi kwa kuwangojesha, akawaambia wakae, akaanza na Voahirana. Na Voahirana, jamani, alijibu kama maji. Mito, miaka, bendera, kwa nini wimbo wa taifa una damu nyingi vile. Bi. Aubrun alitabasamu mara mbili. Aliuliza kuhusu kazi, kuhusu kijiji, na Voahirana alimweleza kwamba yeye ndiye mweka hazina wa kamati ya sherehe na kwamba mwaka jana walikosana vibaya kuhusu soseji. Bi. Aubrun alicheka na kupiga chafya.

"Vizuri sana, Bibi. Kwako sina zaidi." Aligeuza kiti. "Sasa ningependa kumsikia bwana peke yake. Unaweza kubaki hapo hapo, ila nakuomba sana usimsaidie."

Voahirana alikunja mikono juu ya faili. Léonce alivua kofia yake, akaivaa, akaivua.

"Bwana Vidalenc, mlikutana vipi?"

"Kwa binamu yake."

"Naam?"

"Alikuwa na binamu wa ziada."

Vidole vya Bi. Aubrun viligonga kibodi. Voahirana alimtazama mumewe kwa pembeni, akaona ule uso wa gogo, na jasho linamtoka chini ya nywele.

"Na ni nini kilichokufanya uamue kumuoa?"

Nje mtu alivuta kiti. Voahirana aliomba, hata hakujua anamwomba nani, mababu wa kwao au watakatifu wa kwa mumewe, ili asiseme, asiseme tu.

"Nilihitaji mtu wa kushika ndama," Léonce alisema.

Na Voahirana akacheka. Aibu iliyoje! Kilimtoka chenyewe, kicheko cha miaka kumi na mmoja, kwa sababu kila mahali maneno hayo yaliposemwa watu walicheka naye alicheka. Katika chumba hiki alicheka peke yake. Bi. Aubrun alimtazama, kisha akatazama skrini, akaandika.

"Ni mzaha, Bi. Aubrun," Voahirana alisema haraka. "Ni mzaha wa nyumbani, ng'ombe wa kwetu ni lazima..."

"Bibi, tafadhali. Nimeomba." Alisema kwa upole, na upole ulikuwa mbaya zaidi. "Bwana, nataka kuelewa vizuri. Ulikuwa unatafuta mfanyakazi?"

Hapo Léonce aliudhika. Ilionekana jinsi alivyonyoosha mgongo. Kumwita mkewe mfanyakazi mbele yake!

"Mfanyakazi?" alisema. "Mfanyakazi si analipwa!"

"Na yeye halipwi?"

"Alipwe na nani? Yeye halipwi, mimi silipwi. Tunawatumikia ng'ombe."

Kibodi iligonga kwa muda mrefu. Voahirana aliuma mdomo mpaka ukauma kweli. Kila neno lilikuwa kweli tupu, na kila neno lilikuwa linawazika. Angeweza kusimama na kupiga kelele. Angeweza kumwambia binti huyu kuhusu buti za kitoto, kuhusu wali. Lakini alikuwa ameombwa mara mbili asisaidie, na mtu anayeomba uraia hafanyi kiburi mbele ya anayeandika faili lake. Alikaa.

"Samahani kwa swali hili, tunamuuliza kila mtu. Mnalala chumba kimoja?"

Masikio ya Léonce yaliwaka. Kwao, jambo hilo halisemwi hata kwa padri.

"Inategemea na msimu," alisema.

"Msimu?"

"Februari mpaka Aprili nalala zizini. Ndama wanazaliwa. Ng'ombe hachagui saa."

"Miezi mitatu?"

"Mwaka mzuri, miwili na nusu."

"Na mke wako?"

"Yeye ana akili. Analala kitandani."

Bi. Aubrun alifuta pua, akamwangalia mzee yule kwa makini, kama anayetafuta kitu usoni mwake. Labda alikuwa anampa nafasi. Voahirana aliamini hivyo baadaye, na kuamini hivyo hakukumsaidia chochote.

"Bwana Vidalenc, mke wako alizaliwa tarehe gani?"

"Novemba. Wiki ile mitamba wanaposhuka kutoka mlimani. Ikiwa theluji imewahi, mwishoni mwa Oktoba."

Ilikuwa tarehe tisa Novemba. Na ni kweli kwamba kila mwaka, mitamba wakishashuka, alikuta mezani keki ya matufaa kutoka kwa mwokaji wa bondeni na Léonce hayupo, amejificha nje anapasua kuni. Keki hiyo haikuwa na tarehe. Mwaka mmoja ilikuja siku nane kabla, kwa sababu baridi iliwahi.

Maswali yaliisha. Printa ilitoa karatasi mbili. Bi. Aubrun alieleza kwamba atawasomea maelezo ya bwana, na kwamba yakiwa sawa atatia sahihi. Akasoma kwa sauti ile ya mafua, bila ubaya wowote.

"'Bwana Vidalenc anatamka kwamba alifunga ndoa kwa sababu alihitaji mtu wa kushika ndama. Anatamka kwamba mke wake hufanya kazi zizini kila siku, asubuhi na jioni, na kwamba halipwi. Anatamka kwamba kwa sehemu ya mwaka, kati ya Februari na Aprili, wanandoa hawalali chumba kimoja. Alipoulizwa tarehe ya kuzaliwa ya mke wake, hakuweza kuitaja.'"

Voahirana hakuwahi kuyasikia maisha yake yakisomwa. Yalikuwa hayo, na hayakuwa hayo hata kidogo. Léonce alikuwa ameacha kugeuza kofia. Uso wa gogo ulikuwa umeondoka na kilichobaki chini yake kilikuwa cha kuhurumiwa.

"Nimesema hivyo?" aliuliza.

"Ndivyo ulivyosema, bwana. Kuna kitu kimekosewa?"

Alifikiri kwa uaminifu. Alirudia moja moja kichwani, midomo ikicheza.

"Hapana. Ndivyo nilivyosema."

"Kuna jambo ungependa kuongeza?" Bi. Aubrun aliweka vidole juu ya kibodi na kungoja. "Lolote, kuhusu ndoa yenu. Naweza kuliandika sasa hivi."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Voahirana alimgeukia, akasahau kwamba amekatazwa, akamtazama kwa macho yote. Sema. Sema neno moja, Léonce, hata la kijinga, hata ukidanganya. Aliona anafungua mdomo. Na aliona, kama unavyomwona mtu anateleza juu ya barafu nawe uko ng'ambo, kwamba hawezi. Si kwamba hana. Mbele ya mgeni, katika suti, kwa kompyuta, mtu wa milima ile angekubali kuvuliwa nguo kwanza.

"Hapana," Léonce alisema. "Yameshaandikwa."

Akachukua kalamu. Kwao, mtu aliyesema amesema. Angeuza ng'ombe kwa bei ya hasara kabla hajarudisha kauli yake. Alitia sahihi polepole, herufi kwa herufi, kwa mwandiko mzuri aliofundishwa na masista. Hakuna aliyewahi kutia sahihi vizuri hivyo karatasi mbaya vile.

"Mimi siamui," Bi. Aubrun alisema wakisimama, na akamwangalia Voahirana, si mumewe. "Faili linaondoka leo adhuhuri. Wakiona kuna haja watatuma watu nyumbani. Jibu huchukua miezi, wakati mwingine mwaka."

Mwaka. Mwezi wa nane ulikuwa ndani ya mwaka huo. Voahirana alishukuru, kwa sababu alilelewa kushukuru, akamfungulia mumewe mlango.

Walishuka ngazi. Kwenye maegesho Léonce aliingia garini, akafunga mkanda, hakuwasha. Saa ya ukutani kwenye jengo ilionyesha saa sita kasoro dakika tano.

"Nimeharibu," alisema.

Angesema nini? Angemwambia hapana? "Umeharibu, ndiyo," Voahirana alisema. Hakuwa na hasira. Angefurahi kama angekuwa nayo.

Léonce alifungua mkanda, akashuka, akavuka barabara mbio, yeye na moyo wake ule ulioambiwa usikimbie. Voahirana alimwona akifika kwenye milango ya vioo na kusimama. Mlinzi alikuwa anafunga kwa mlo wa mchana. Aliona kofia ikivuliwa. Aliona mikono ya mumewe ikieleza kitu, mikono ambayo haijawahi kueleza kitu, na mlinzi akitikisa kichwa, akionyesha kibao cha saa, akionyesha simu, labda anasema aombe miadi. Léonce aligonga kioo mara moja kwa kiganja, si kwa nguvu. Kisha akarudi akitembea.

Alikaa garini akihema. Mkewe alimpa chupa ya maji, akaishika bila kunywa.

"Ningesema nini?" aliuliza. "We unajua kusema. Pale aliponiuliza kama nina la kuongeza. Ningesema nini?"

"Ya moyoni, Léonce. Tu."

"Yule ni mtoto. Ana mafua. Nitamwambia nini ya moyoni?"

Wale vijana wa biskuti walipita mbele ya gari, wakiwa wamekumbatiana, yamewaendea vizuri. Léonce aliwangoja wapite. Alipoanza kusema alikuwa anatazama mbele, kwenye ukuta wa matofali.

"Ile mara uliyokwenda kwa Hanitra siku nne, alipojifungua. Sikupika. Ulidhani ni uvivu. Nilikula mkate nimesimama pale kwenye sinki, siku zote nne, kwa sababu nikikaa mezani nakiona kiti chako. Usiku nikienda kulala, nalala upande wako ili usiwe mtupu. Na ulipofiwa na mama yako, ulipokuwa zizini na ile simu, nilikuwa nyuma ya ukuta. Nilikaa pale mpaka mwisho. Sikuingia kwa sababu sikuwa na la kukwambia, na nikajiona si mwanamume." Aliifungua chupa, akaifunga tena. "Kabla hujaja nilikuwa nazungumza na ng'ombe. Sasa nikiwa na ng'ombe nanyamaza, kwa sababu yale ya kusema nakutunzia wewe, halafu nikifika ndani siyasemi. Hivyo ndivyo ilivyo. Sasa hayo ningemwambiaje yule binti?"

Voahirana hakuona ukuta tena kwa machozi. "Ungemwambia hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, mume wangu. Bila kubadili hata neno."

Léonce aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeelekezwa njia baada ya kupotea kutwa. Kisha akawasha gari, kwa kuwa saa kumi na moja ng'ombe wangekuwa langoni.

Miaka kumi na mmoja alikuwa amelingoja neno hilo, akiwa na hakika kwamba siku litakapokuja litamtosha. Sasa lilikuwa limekuja, lote kwa mpigo, zaidi ya alivyolitamani, naye alikuwa amekaa na faili mapajani akiona aibu ya kitu ambacho asingemwambia mtu yeyote: kwamba angelitoa lote, angekubali asilisikie maisha yake yote, kama tu lingesemwa nusu saa mapema, kwa yule mwingine, aliyekuwa na vidole juu ya kibodi akingoja.